Vifungo vya Muhdhar

Kila asubuhi, kabla jua halijayapata mabati ya mtaa wa Kisumu Ndogo, Batuli alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote. Akitumwa maji alinung'unika, na akiambiwa afagie ua alinung'unika zaidi. Lakini mama yake akisema, "Batuli, mvalishe mwenzio," uso ulimkunjuka, akaacha alichokuwa akifanya na kukimbilia chumbani.

Mwenzio huyo alikuwa ndugu yake, Muhdhar, mwenye miaka minne na nusu, kitinda mimba wa nyumba nzima. Naye Muhdhar alikuwa ameshaijua kazi yake. Alisimama katikati ya chumba, akainua mikono juu, akafumba macho, akangoja nguo zije zenyewe.

"Mkono huu. Haya, na huu. Kidevu juu, babangu, nisije nikakubana."

Kufumba na kufumbua mtoto yumo ndani ya sare: shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni, na kaptura ya buluu iliyofungwa kwa vifungo kiunoni. Kisha hubusiwa kipaji cha uso, akafumbua macho, akauliza chai iko wapi. Sultani gani aliyewahi kuhudumiwa hivyo?

Mama yao, Bi Jaha, alikuwa fundi wa cherehani. Watu wake walitoka visiwani, kule Faza, na mumewe, Gharib, alikuwa akipeleka samaki wakavu Mombasa, hata siku za kumwona nyumbani zikawa za kuhesabika. Nyumba ilisimama kwa cherehani. Bi Jaha alishona sare za watoto wa mtaa, na sifa yake ilivuka mtaa. "Nguo ya Bi Jaha haifunguki," watu walisema, "hata ukipigana nayo mwereka." Siri ilikuwa kwenye matundu ya vifungo. Aliyakata madogo, akayazungushia uzi kwa mkono mpaka yakakakamaa, na kifungo kikiingia, kimeingia. Mafundi wengine walijivunia marinda na kola, yeye alijivunia matundu yake.

Muhdhar alikuwa ameanza nasari mwezi wa kwanza. Nasari yenyewe ilikuwa ndani ya ua wa shule ya msingi, ng'ambo ya uwanja kutoka darasa la sita alilosoma Batuli. Siku ya kuandikishwa, Bi Jaha alivutwa kando na mwanamke aliyetaka kupimwa gauni pale pale langoni, hivyo mwalimu wa nasari, Mwalimu Idah, akamwuliza Batuli.

"Huyu mdogo wako anajua kwenda chooni peke yake? Anavua na kuvaa mwenyewe?"

Batuli alimtazama ndugu yake. Muhdhar alikuwa ameshaokota kipande cha chaki, anachora sakafuni, anacheka peke yake. Moyo wa Batuli ukalainika.

"Ndiyo, Mwalimu. Anajua."

Ulimi haukumteleza, la. Alijua kwamba anadanganya. Ila alijiambia, mimi niko hapa hapa, ng'ambo ya uwanja tu, nani atajua?

Basi kengele ya mapumziko ikilia, Batuli alikuwa wa kwanza kutoka. Alikata uwanja mbio hadi nyuma ya nasari, ambako Muhdhar alimngoja amebana magoti. Akamfungua, akamngoja, akamfunga, akarudi mbio darasani huku wenzake wamekwisha kunywa maziwa ya shule na kucheza.

Rafiki yake Mueni, waliyekaa naye dawati moja na nyumba zao zikapakana, alimcheka.

"Yaya umerudi? Sultani ameridhika?"

"Muhdhar ni mdogo."

"Kioko wetu ni mdogo kuliko yeye na anajivalisha."

"Kioko wenu jana alikuja kaptura nyuma mbele!"

"Lakini alikuja," Mueni akajibu.

Siku moja ya Alhamisi darasa la sita lilipelekwa shule nyingine kwa mashindano ya kwaya. Batuli aliimba kwa sauti yake yote. Wakati wanapigiwa makofi ndipo alipokumbuka, na makofi yale yote yakageuka kuwa kelele tupu. Saa ya mapumziko ilikuwa imeshapita.

Aliporudi alimkuta Muhdhar ameketi kwenye kizingiti cha nasari, amefungwa leso ya Mwalimu Idah kiunoni. Kaptura yake ilikuwa imeanikwa juu ya michongoma. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomuumiza Batuli zaidi. Angekuwa analia angembembeleza.

"Nilivuta, Dada," alisema Muhdhar polepole. "Nilivuta sana. Hakikufunguka. Wakanicheka."

Mwalimu Idah alimtuma mtu amwite Bi Jaha. Alikuwa mwanamke mpole, lakini maneno yake yalinyooka.

"Mama, mimi nina watoto darasa zima na mikono miwili. Ndiyo maana nauliza mapema. Nilipomwandikisha huyu niliambiwa anajiweza."

"Aliyekwambia ni nani?" Bi Jaha aliuliza.

Batuli aliangalia vidole vya miguu yake. Angeweza kunyamaza, na pengine wangedhani Mwalimu amesahau. Lakini aliiona ile kaptura juu ya michongoma.

"Ni mimi, Mama. Nilisema uongo. Kila siku huja mimi kumfungua."

Bi Jaha alishusha pumzi ndefu. Mwalimu Idah naye hakugomba, alitikisa kichwa tu.

"Basi tufanye hivi. Mtoto apumzike nyumbani wiki moja. Jumatatu ile nyingine mleteni. Akiweza mwenyewe, nafasi yake ipo. Asipoweza, nitampa mtoto mmoja wa kule Sabaki anayengoja nafasi, na Muhdhar aje mwakani."

Jioni hiyo Muhdhar hakuimba. Tangu aanze nasari ilikuwa kila jioni ni a, e, i, o, u, mpaka majirani wakaziba masikio. Sasa nyumba ilinyamaza. Batuli alipoitafuta sare aifue, hakuiona kambani wala kapuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama, akaikuta mvunguni mwa kitanda, imesukumwa hadi ukutani.

"Kwa nini umeificha?"

"Sitaki nasari," alisema Muhdhar. "Nguo hainipendi."

Batuli alimkumbatia, na machozi yakamtoka hapo hapo. Aliona wazi kwamba yeye ndiye aliyemfikisha mtoto kwenye aibu ile. Akaapa moyoni kwamba Muhdhar hatapoteza nafasi yake.

Jumamosi alimwomba mama yake mabaki ya kitambaa cheupe. Mkono wa kushona Batuli alikuwa nao, maana alikulia chini ya cherehani. Alifikiri, akakumbuka vigauni vya watoto wa kike anavyoshona mama yake, vinavyofunguka mgongoni na kuvaliwa mara moja. Akashona shati la namna hiyo, la kufungwa nyuma. Likatoka zuri, mashallah, mishono imenyooka.

Muhdhar akainua mikono, akafumba macho, na shati likaingia. Batuli akafunga nyuma vifungo viwili, akapiga makofi.

Mueni alikuwa amesimama mlangoni, amemshika Kioko mkono. "Limependeza. Haya, mwambie alivue, alivae mwenyewe."

Muhdhar akapeleka mkono mgongoni kutafuta kifungo. Hakukifikia. Akageuka kukifuata. Kifungo nacho kikageuka. Akazunguka na kuzunguka, mpaka akaanguka kwa makalio. Mueni alicheka, kisha akaacha ghafla, kwa sababu mdomo wa Muhdhar ulikuwa unatetemeka.

"Batuli," alisema, "hili shati umelishonea mikono yako wewe. Yeye ana macho mgongoni?"

"Basi nyinyi ndio mnaojua kulea!" Batuli alifoka, akalitupa lile shati pembeni. "Sisi hatujui!"

Mueni hakukasirika. "Mama yangu hutoka alfajiri kwenda kufua mashuka hotelini. Nami nachota maji. Kioko asipojivalisha, atavalishwa na nani? Si kujua, ni shida tu iliyotufunza." Akaliokota lile shati. "Unataka kujua kinachomshinda Muhdhar? Mtazame anavyovaa. Ila usimguse."

"Nitawezaje kumtazama nisimguse?"

"Kalia mikono yako."

Basi Batuli akaketi mkekani, akaingiza viganja chini ya mapaja, akavikalia kweli kweli. Mueni akampa Muhdhar shati lake la sare, lile la Bi Jaha. Muhdhar, kama ada, akainua mikono juu, akafumba macho.

Hakuna kilichokuja. Akafumbua jicho moja.

"Dada?"

"Leo nguo haijui njia, babangu. Ionyeshe wewe."

Muhdhar alilitazama shati kwa mashaka, kisha akaanza. Kwanza aliliingia mgongo ukiwa mbele, akalivua, akaliingia tena vile vile, maana lilikuwa jeupe pande zote na vifungo vyake vyeupe havikumwambia mbele ni wapi. Batuli hakuwahi kufikiri jambo hilo hata siku moja. Mara ya tatu akapatia. Akaanza na kifungo cha juu, cha shingoni, kama alivyozoea kufanyiwa. Lakini cha shingoni hakukiona! Kilikuwa chini ya kidevu chake mwenyewe, naye akapapasa na kupapasa, ulimi nje, jasho puani. Hatimaye akashuka kwenye kifungo kingine, akakipeleka mpaka kwenye tundu, sawasawa kabisa, akasukuma. Tundu likakataa. Akasukuma tena, mpaka ncha za vidole zikamgeuka nyeupe. Tundu likakataa.

Vidole vya Batuli vilimwasha. Nusura asimame. Mueni akamwekea mkono begani, akamkandamiza chini.

Ndipo Batuli alipogundua kwamba cherehani imenyamaza. Bi Jaha alikuwa amesimama nyuma yao, futi yake ya kupimia nguo shingoni, anatazama mwanawe akishindwa na tundu lake.

"Tundu ni dogo, Mama," Batuli alisema.

"Ndivyo matundu yangu yalivyo. Likilegea watu watasema Bi Jaha kazi imemshinda."

"Kwa mtu mzima ni zuri, Mama. Hakuna kama wewe. Lakini hili ni la Muhdhar."

Bi Jaha hakuwahi kukubali kosa kwenye nguo yake, hata kwa mteja mkorofi. Alipiga magoti, akavishika vile vidole vya Muhdhar, akavitazama kimoja kimoja kama mtu anayeviona mara ya kwanza. Akavibusu. Kisha akanyanyuka, akachukua wembe kwenye mtoto wa meza, akasema "Bismillahi," na kulipasua tundu lake mwenyewe.

Toka hapo nyumba ikawa karakana. Wakang'oa vifungo vidogo vyote. Kwenye koti la zamani la Baba, lililokuwa likiliwa na mende, wakatoa vifungo vikubwa vya kahawia vinavyojaa vidoleni. Wakaweka vichache, na matundu mapana yaliyokatwa kwa kulala, si kwa kusimama. Kaptura ikanyang'anywa vifungo vyake na kutiwa mpira kiunoni. Mpira wa kwanza Batuli aliubana mno, ukamwachia Muhdhar alama tumboni na hakuweza kuuvuta, ikabidi afumue na kushona upya. Akaongeza kwa kichwa chake mwenyewe vishikio viwili vya kitambaa, kimoja kila upande, vya kuingiza kidole gumba na kuvuta juu.

"Na mbele atapajuaje?" Bi Jaha aliuliza. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza.

Batuli alikata kipande chekundu kwenye pindo la leso kuukuu ya mama yake, akakishona ndani ya kaptura, upande wa mbele, na kingine ndani ya shati, upande wa mbele vile vile. "Muhdhar, sikiliza. Chekundu kinabusu tumbo."

"Chekundu kinabusu tumbo," Muhdhar alirudia, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu Alhamisi.

Bi Jaha akamalizia kwa kukishona kifungo cha chini kabisa, na tundu lake, kwa uzi mwekundu. "Anza na hiki, mwanangu, unachokiona. Kisha panda ngazi."

Msidhani kwamba Muhdhar alijua papo hapo. Siku zilizofuata kulikuwa na vita. Alilitupa shati, akalikanyaga, akaliita jina baya alilolisikia sokoni, akakaripiwa kwa hilo. Miguu yote miwili ilipita upande mmoja wa kaptura, akaanguka. Kioko ndiye aliyekuja kumfunza, mikono kiunoni kama mwalimu mkuu: "Kaa chini kwanza. Miguu miwili haipiti mlango mmoja!" Na Batuli, kila mara mkono ulipomtoka, aliurudisha chini ya paja lake. Hakujua kwamba kutofanya kitu kunachosha hivyo. Kuteka maji kulikuwa afadhali.

Jumatatu ya ahadi ikafika. Muhdhar alijivalisha mpaka chai ikapoa, na hakuna aliyemharakisha. Shuleni Batuli alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Idah.

"Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe kwa uongo ule. Leo sitakuja saa ya mapumziko."

"Marahaba. Nimekusamehe." Mwalimu alivigusa vile vifungo vikubwa vya kahawia, akachungulia chekundu cha ndani, akatabasamu. "Sare ni rangi. Vifungo ni vya mwenye nguo. Haya, tuone."

Kengele ya mapumziko ilipolia, Batuli hakutoka. Alikaa dirishani mwa darasa la sita, viganja chini ya mapaja. Mueni aliketi kando yake na kumshika kiwiko, asije akaruka. Ng'ambo ya uwanja walimwona Muhdhar akiingia chooni, mlango ukafungwa nyuma yake.

Mlango ulikaa umefungwa. Watoto wengine waliingia na kutoka milango ya kando. Wengine waliruka kamba, wengine walikunywa maziwa, na mlango ule haukufunguka. Batuli akanyoosha shingo. Pengine amekwama. Pengine ameketi mle ndani kimya, kama alivyokuwa ameketi siku ile kizingitini.

"Mueni, niache niende."

"Ngoja."

"Yuko peke yake!"

"Si ndivyo mlivyotaka? Ngoja, shoga yangu."

Mlango ukafunguka. Muhdhar akatoka. Shati upande mmoja lilikuwa limeshuka kuliko mwingine, kifungo kimoja kilikuwa kimerukwa, na kishikio cha kaptura kilichungulia nje kama sikio. Lakini kaptura ilikuwa kavu, na ilikuwa mahali pake. Hakukimbia. Alitembea kwa heshima mpaka katikati ya uwanja, akasimama, akainua mikono yote miwili juu.

Batuli aliruka. Alidhani anaitwa kumvalisha. Kisha akaona kwamba safari hii macho ya mtoto yalikuwa wazi kabisa.

"Mwenyewe!" Muhdhar alipaza sauti, shule nzima ikasikia. "Nimevaa mwenyewe!"

Batuli alilia na kucheka pamoja, na Mueni naye, ambaye hakuwa mtu wa kulia, akapangusa macho akasema ni vumbi.

Jioni nyumba ilirudiwa na a, e, i, o, u, na majirani wakaziba masikio tena. Wanawake wawili walikuwa wameshapita kuuliza kama Bi Jaha angewashonea watoto wao kaptura za namna ile, zenye vishikio. Batuli alimwona Muhdhar na kile kifungo kilichorukwa, akanyoosha mkono kukirekebisha.

"Liache shati," Bi Jaha alisema. "Kalifunga yeye." Akamvuta Batuli aketi karibu naye. "Mwanangu, ulidanganya kwa mapenzi. Lakini uongo wa mapenzi nao ni uongo, na aliyeulipia ni huyu mdogo, si wewe. Mimi nami nilikosa. Nilishona ili watu wanisifu, nikamsahau aliye ndani ya nguo. Ukimpenda mtu, usimfanyie kila kitu. Mtengenezee njia aiweze, kisha umwache apite. Kungoja nako ni kazi, Batuli, na wewe wiki hii umefanya kazi kubwa."

Muhdhar akatokea chumbani, tayari kulala. Fulana ameivaa ndani nje, kichwa kimekwama kwenye tundu la mkono, anavuta huku na huku na kuguna. Batuli akaingiza viganja chini ya mapaja yake. Akageuka kumtazama mama yake, wacheke pamoja.

Bi Jaha alikuwa amekwisha kuikalia mikono yake.